Udongo mweusi wa nyuma ya jiko: Masisi na Walikale kabla ya semina ya komposti



Semina za komposti wote tunazijua. Watu wanakaa kwenye viti vya plastiki, wanapewa fanta na kalamu, halafu kijana mwenye projekteri anawaonyesha picha ya shimo: majani chini, mavi ya ng'ombe katikati, majivu juu, mwagia maji ya kuoshea vyombo, funika. Nyuma kabisa anakaa mama mwenye umri, kimya. Hakuna anayemuuliza kwa nini ndizi za nyuma ya jiko la mama yake zilikuwa nene kupita zote za kilima.

Leo nataka tumuulize, kwa njia ya historia. Maana swali la namna ya kufundisha watu wa Masisi na Walikale kuozesha takataka za nyumba limewekwa vibaya. Walikuwa wanafanya hivyo kabla ya agronomu wa kwanza kupanda milima yetu. Swali la kweli ni nini kiliwafanya waache. Jibu langu nalitoa mapema kusudi tusizunguke: mbolea ya nyumbani inaomba kitu kimoja kuliko koleo na shimo, nacho ni kukaa. Kukaa pahali pamoja, mwaka, miaka mitatu, miaka kumi. Njo kitu ambacho tumenyimwa.

Tuanze na shamba lenyewe. Kutoka Bukoba mpaka Bushi, kupitia Rwanda, Burundi, Rutshuru na Masisi, nyumba ya zamani haikuwa pembeni ya ndizi, ilikuwa ndani ya ndizi. David Schoenbrun, katika kitabu chake cha 1998 juu ya nchi za Maziwa Makuu, alifuata maneno ya lugha zetu za Kibantu, na yanaonyesha kwamba kilimo hicho kilijengwa polepole, kwa karne nyingi. Mfano unaojulikana sana ni wa Wahaya, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Kwao kuna kibanja, yaani shamba la ndizi linalozunguka nyumba, na kuna rweya, yaani uwanda wa majani. Udongo wa asili wa sehemu kubwa ya Buhaya ni maskini. Lakini vizazi na vizazi vilikata majani ya rweya, vikachota mavi ya ng'ombe na takataka za jiko, vyote vikaingizwa kibanja. Matokeo ni udongo mweusi, wenye rutuba, pahali ambapo bila watu pangebaki majani tu. Ule udongo haukuumbwa na Mungu peke yake, ni kazi ya mikono ya watu.

Kwetu Masisi tuna bahati zaidi, kwa sababu sehemu ya milima yetu ina udongo wa volkano. Hata hivyo utaratibu ulikuwa ule ule. Mstari wa kwanza wa migomba, ule unaogusa mlango wa jiko, ulikula maganda ya bitoke, maganda ya maharagi, majivu ya moto wa usiku, mafagio ya uani na machicha ya kasiksi. Pahali maji ya kuoshea vyombo yalipomwagwa kila siku palipandwa mateke, maana mateke yanapenda miguu yao iwe na maji. Mbuzi alifungwa usiku karibu, asubuhi mavi yake yakasukumwa upande ule ule. Mbali zaidi na nyumba yalikuwa maharagi na mtama, na huko mbolea ilifika kidogo au haikufika kabisa. Wanasayansi wa udongo waliopima mashamba ya wadogo katika Afrika Mashariki wanakuta jambo hilo tena na tena: udongo wa karibu na nyumba una mboji, fosforasi na potasi nyingi kuliko wa mwisho wa shamba. Mama alijua bila mashine. Aliweza kukuonyesha mgomba gani unakula majivu na upi unakula maji.

Juu ya maji niseme kidogo zaidi, maana watu wanashangaa: Masisi mvua inanyesha karibu mwaka mzima, kwa nini mtu ahifadhi maji machafu? Sababu ni mgongo. Maji ya nyumba hayatoki kwenye mvua, yanatoka kwenye chemchemi chini ya kilima, na anayeyapandisha ni mama au mtoto. Tuchukue nyumba inayotumia bidoni tatu za litre 20 kwa siku. Ni litre 60, na kwa mwaka ni karibu litre 22,000 zilizobebwa kichwani au mgongoni. Kitu kilichokutoa jasho namna hiyo hukitupi barabarani baada ya kukitumia mara moja. Maji ya kuoshea maharagi yalioshea mikono, ya mikono yakaenda kwenye mateke.

Kuna jambo jingine ambalo semina hazisemi. Sabuni ya zamani ilikuwa tofauti. Ile ya kienyeji ilitengenezwa kwa mafuta ya mawese na maji ya majivu, mara nyingi majivu ya maganda ya ndizi. Majivu ya mimea yana potasi nyingi, na mgomba ni mmoja wa mimea inayokula potasi kupita mingi mingine. Kwa hiyo maji ya sabuni ya zamani yalikuwa yanarudishia mgomba kile ulichotoa. Sabuni ya dukani ya leo, ya mche na ya unga, inatengenezwa kwa soda. Soda haina faida kwa mgomba, na ikizidi inafunga udongo, unakuwa mgumu na maji hayaingii. Mvua nyingi ya Masisi inaiosha, basi hatari si kubwa kama kwenye nchi kavu. Lakini mtu akisema «bibi yangu alimwaga maji ya sabuni na ndizi zilistawi, mimi nikimwaga zinakauka», hajachanganyikiwa. Sabuni njo imebadilika.

Walikale ni hadithi nyingine. Ukishuka kutoka Masisi kuelekea Kibua, Mubi na Walikale centre, unaacha baridi na kuingia pori. Udongo wa kule ni wa zamani sana, mwekundu, umeoshwa na mvua kwa miaka isiyohesabika. Nguvu yake iko ndani ya miti, si chini. Wanianga, kama Daniel Biebuyck alivyowakuta miaka ya 1950, walikuwa watu wa ndizi pia, lakini ndizi ya pori: unakata, unachoma, unapanda, unavuna miaka michache, unaliachia pori lirudi. Hapo mbolea haikuwa shimo, ilikuwa muda. Kijiji kilikuwa na uchafu wake nyuma ya nyumba, na mboga na pilipili viliota pale, lakini shamba kubwa lilikula majivu ya pori lenyewe. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi ripoti moja inaandikwa kwa «Masisi na Walikale» kama vile ni shamba moja. Mtu wa Nyabiondo na mtu wa Itebero hawana shida moja. Wa kwanza ardhi ilimwishia mapema, wa pili ardhi alikuwa nayo, lakini alikatazwa kuizungukia.

Alikatazwa na nani? Hapa tunaingia kwenye serikali. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Leopold II ulitangaza kwamba ardhi isiyo na mtu ni ya serikali. Kwa macho ya mzungu, shamba lililopumzishwa lilikuwa halina mtu. Kwa macho ya Mnianga lilikuwa shamba linalolala. Kilichoonekana wazi kuwa na mwenyewe ni nyumba na migomba yake. Mwaka 1928 ikaundwa CNKi, Kamati ya Kitaifa ya Kivu, iliyopewa uwezo wa kugawa ardhi kubwa kwa wakoloni, na milima ya Masisi ikaanza kukatwa kwa ajili ya kahawa, chai, pareto na malisho. Kuanzia 1937 serikali ya Ubelgiji ikaleta familia kutoka Rwanda na kuzipanda Gishari na kwingine, kazi iliyoendelea mpaka miaka ya 1950. Sitaingia kwenye ugomvi wa nani alikuja lini, ukurasa huu umeshaona moto wa kutosha. Kwa habari yetu ya leo inatosha kusema: watu waliongezeka, ardhi ya kupumzisha ikapungua, na migomba ya nyuma ya jiko ikawa nguzo ya nyumba, kwa Wahunde na kwa wageni pia. Hao wageni walikuja na migomba yao, ng'ombe wao na desturi ile ile ya kusukuma mavi na maganda kuzunguka ua. Pande mbili ambazo baadaye zilipigana zilikuwa zinafanya jambo moja kila asubuhi nyuma ya nyumba.

Mwaka 1933 una mambo mawili ambayo napenda kuyaweka pamoja. Februari mwaka huo, shamba la kahawa la Kingatori karibu na Kiambu, Kenya, lilianza kutumia njia ya Indore ya kutengeneza mboji. Njia hiyo iliandikwa na Mwingereza Albert Howard katika kitabu cha 1931 alichotunga na Yeshwant Wad. Howard alifanya kazi miaka mingi India, na hakuficha kwamba alijifunza kwa wakulima wa kule na kwa mazoea ya Wachina. Rundo lenye majani, mavi na majivu linageuzwa, linapata moto wake lenyewe, na baada ya miezi mitatu hivi ni udongo. Anayesifiwa duniani kama baba wa komposti ya kisasa alikuwa mtu aliyekubali kukaa na kuwatazama wakulima.

Desemba 5 mwaka ule ule, Kongo ya Wabelgiji ikatoa dekreti iliyoruhusu kumlazimisha mwanakijiji kufanya kazi mpaka siku 60 kwa mwaka: kulima mimea iliyoamriwa, kutunza barabara na mengineyo. Wakati wa vita vya dunia, mwaka 1942, siku zikafika 120. Hesabu mwenyewe ni nani alibaki na nguvu ya kusukuma mavi kwenye migomba. Baadaye ikaja kazi ya kuzuia mmomonyoko: mitaro ya kuzunguka kilima, iliyopimwa na agronomu na kulazimishwa na askari na faini. Kiufundi haikuwa upumbavu, milima yetu inateremka kweli. Lakini ilifika kwa fimbo, na kilichofika kwa fimbo kiliondoka na fimbo. Baada ya Juni 1960 watu wengi waliacha mitaro ijae. Migomba ya nyuma ya jiko hawakuiacha, maana ile hakuna aliyeiamuru.

Miaka ya Mobutu naipita haraka. Kulikuwa na salongo, watu wakafagia njia na kuchimba mashimo ya takataka. Sheria ya ardhi ya 1973 ikafanya ardhi yote kuwa ya serikali, na wenye hati na marafiki wakubwa wakachukua milima mizima kwa ng'ombe wao. Mtu mdogo akabaki na kipande. Ajabu ni kwamba kipande kikiwa kidogo, mbolea ya nyumba inafika mpaka mwisho wake. Kama kungekuwa na amani, pengine leo tungekuwa na Buhaya ya pili pale Lushebere na Mweso.

Amani haikuwepo. Machi 1993 vita vilianzia soko ya Ntoto, ndani ya Walikale, vikapanda Masisi. 1994 wakaja wakimbizi kutoka Rwanda. 1996, 1998, halafu CNDP, halafu M23 ya 2012, halafu ile ya 2022 mpaka sasa, pamoja na vikundi ambavyo hata majina yao tunayachanganya. Historia ya vita inaandikwa kwa tarehe na majina ya wakubwa. Ningependa mtu aiandike kwa mavi ya ng'ombe. Kitu cha kwanza kuporwa kilikuwa mifugo: ng'ombe wa ranchi, ndiyo, lakini pia mbuzi wawili wa mama mjane. Mbuzi akienda, nusu ya mbolea imeenda. Halafu watu wenyewe wakaenda. Ukikimbia unabeba mtoto, godoro, sufuria, labda mbegu za maharagi. Udongo mweusi wa miaka ishirini haubebeki. Na aliyefika nyuma yako na kukaa pale anavuna ndizi zako bila kuulisha mgomba, kwa sababu naye hajui kama atalala pale mwezi ujao. Nani ataozesha maganda kwa ajili ya shamba ambalo atafukuzwa?

Kule Walikale mwendo ulikuwa mwingine lakini unafika pale pale. Tangu kama 2002 vijana walikwenda Bisie kuchimba kasiterite. Mji wa maturubai ukaota juu ya kilima, chakula kikaletwa kwa miguu kutoka barabarani, kingine kwa ndege kutoka Goma zilizotua kwenye lami ya Kilambo. Ndizi ililiwa kilimani, ganda likabaki matopeni kilimani, na shamba lililoizaa halikurudishiwa kitu. Goma pia ni hivyo hivyo. Kila gari la bitoke, viazi na maharagi linaloteremka kupitia Sake limebeba potasi ya Masisi. Maganda yanamwagwa juu ya lava.

Na juu ya hayo yote ukaja ugonjwa. Mwaka 2001 migomba ya Masisi ilianza kunyauka: majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kahawia, ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Wasemaji wa Kinyarwanda wanauita kirabiranya. Vigheri Ndungo na wenzake walichapisha mwaka 2006 kwamba ni bakteria ile iliyojulikana Ethiopia tangu 1968. Masisi ilikuwa pahali pa kwanza Kongo ugonjwa huo kuthibitishwa, mwaka ule ule ulioonekana Uganda. Kwetu juu, kwenye baridi zaidi ya metre 1,700, wadudu hawaubebi sana, unabebwa na panga. Panga moja linakata mgomba mgonjwa, linakata mzima, basi.

Ona ubaya wake kwa habari yetu. Desturi nzuri kuliko zote, ya kukatakata shina la mgomba na kulilaza chini ya migomba mingine lioze, ikawa njia ya kuingiza ugonjwa nyumbani. Shauri lililotoka kwa watafiti ni kuchoma panga kwenye moto au kuliosha kwa javel, kuvunja ua la dume kwa mti wenye panda, kukata shina gonjwa peke yake mara tu linapoonekana, na kutotumia mabaki yake kufunika shamba. Njia hiyo ya kukata shina moja moja ilijaribiwa sana Kivu, na inafaa kuliko amri ya kwanza ya kung'oa kila kitu, ambayo mama wengi walikataa. Lakini inaomba mtu apite shambani kila wiki. Kila wiki! Pahali ambapo watu wanalala porini wiki mbili, wanarudi siku tatu.

Halafu lava. Kati ya 2022 na mwanzo wa 2025 mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wa Masisi, waliishi Bulengo, Lushagala, Rusayo na Mugunga, juu ya mawe ya Nyiragongo. Hapo maji ya kuoshea vyombo hayana pa kwenda, yanakaa kati ya mahema, na kipindupindu kilipiga. Wapo waliopanda lenga-lenga kwenye magunia na kuyanywesha maji ya kuoshea. Nasisitiza lenga-lenga, mboga inayopikwa, maana maji hayo hayafai kwa kitu kinacholiwa kibichi, wala yale ya kufua nepi za mtoto hayamwagwi kwenye mboga yoyote. Udongo wa kujaza magunia ulitafutwa kama dhahabu. Watu waliokuwa wanamiliki udongo mzuri kuliko wa nchi nyingi walikuwa wanabeba udongo kwa sahani.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na Februari kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi. Wengi walikuta nyumba hakuna. Migomba isiyo na mtu inajaa machipukizi, inasongamana, inazaa mikono midogo, na yenye ugonjwa imeanguka. Lakini udongo wa nyuma ya jiko haupotei mara moja. Rangi yake inabaki miaka, na mateke yanaota yenyewe pale maji yalipomwagwa. Mtu anaweza kusimama penye kichaka na kusema: hapa palikuwa jiko.

Takataka nazo si zile za zamani. Rundo la 1950 lilioza lote. La leo lina sashe, betri za radio na nywele za plastiki. Kongo ilikataza sashe kwa dekreti ya mwisho wa 2017, na wote tunaona sokoni dekreti hiyo imefika wapi. Betri ikiingia kwenye shimo la mbolea, afadhali uache hilo shimo.

Kwa wenzetu wa kitivo cha kilimo na wale wa historia nina ombi. TFC juu ya komposti ni nyingi, na karibu zote zinaanza na uzito wa maganda. Ningefurahi kusoma moja inayoanza na mahojiano ya wamama wa miaka 70 kwenda juu: Kitshanga, Nyabiondo, Ngungu, Pinga, Ntoto. Muwaulize mti gani ulichomwa kwa majivu ya sabuni, mgomba gani ulipewa maji na upi ulinyimwa, mbuzi alifungwa wapi, na nyumba ilihama mara ngapi. Hilo swali la mwisho msilisahau. Na wale wanaopatanisha watu juu ya mipaka ya mashamba, wakifika pahali ambapo kila upande unasema «ni kwangu», waombe pia koleo, wachimbe kidogo nyuma ya pale panapodaiwa kuwa jiko, watazame udongo una rangi gani.